Bodaboda Mbili na Mguu Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Askari Majeruhi, Tanga

Kisa hiki kilianzia shuleni. Mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi ya hapa mjini alileta taarifa ya binti anayesinzia kuanzia kipindi cha pili. Hesabu alizokuwa akizipata zimeanza kumshinda, na akiulizwa analala saa ngapi hujibu, "Zamu yangu ikiisha." Mwalimu alihofu kwamba mtoto anatumikishwa usiku, akaiandikia ofisi yetu ya ustawi wa jamii. Ndivyo nilivyoifahamu nyumba moja ya Makorora.

Zamu ilikuwa ya kumlinda baba. Mama anapika vitumbua vya kuuza. Hulala mara tu baada ya isha ili saa nane za usiku awe jikoni. Katikati hapo binti ndiye aliyebaki macho, amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa chumba cha wazazi, ufagio mkononi. Baba akianza kupiga kelele usingizini, binti humgusa kwa mpini wa ufagio kutoka mbali, maana mtu wa mwisho kumgusa kwa mkono alikuwa mama, naye alikabwa koo mpaka majirani wakaingia kuamua. Baba akiinuka na kutaka kutoka nje bila mguu wake, binti humwamsha mama.

Baba ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) aliyestaafishwa kwa sababu za kiafya. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti. Majina sitayataja, na mambo machache nimeyageuza ili nyumba isitambulike. Mtaani wanamwita Afande. Nami nitamwita hivyo.

Kisa hiki ninakiandika kwa ajili ya wenzangu wa ustawi, wauguzi wa afya ya akili, na ndugu wanaoishi na askari majeruhi nyumbani. Afande hakutelekezwa na mtu. Jeshi lilimtibu, ndugu walimpokea, jirani walimletea chakula, shekhe alimsomea. Kila mmoja alimsaidia kwa upande wake na kwa namna yake, na baada ya miaka miwili ya wema huo wote, aliyekuwa akiubeba mzigo wa usiku alikuwa mtoto wa darasa la tano.

Alikoumia

Afande alikuwa dereva wa kikosi. Alikwenda mashariki mwa Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, katika ile brigedi ya wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013. Brigedi hiyo ilikuwa na ruhusa ya kushambulia makundi ya waasi badala ya kusimama katikati tu, kwa hiyo majeruhi walitarajiwa. Watanzania wengi wanaikumbuka Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu iliposhambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa na zaidi ya 40 kujeruhiwa. Afande hakuwapo Semuliki. Gari lake lilikanyaga bomu la kutegwa, siku isiyo na jina kwenye habari yoyote. Hilo lilimuuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Watu wakimuuliza, "Ulikuwa Semuliki?" naye akijibu hapana, anaona usoni mwao kitu kinashuka, kana kwamba mguu wake umekatika kwa jambo dogo.

Alikatwa mguu hospitalini hukohuko Kongo, akarudishwa nchini, akapitia Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, akatengenezewa mguu bandia Dar es Salaam. Karatasi zake zote anazo, zimepangwa kwa tarehe ndani ya mfuko wa nailoni. Matibabu ya mwili yalikuwa mazuri, nami sina la kuongeza hapo isipokuwa mambo mawili ambayo familia haikuwa ikiyaelewa.

La kwanza ni kigutu. Mguu uliokatwa haubaki na umbo moja. Katika mwaka wa kwanza na kuendelea uvimbe unaisha, misuli isiyofanya kazi inanywea, na soketi, yaani kile kikombe kigutu kinamoingia, inalegea. Mtu huongeza soksi ili ibane. Soksi zikizidi, na joto la Tanga likiongezeka, ngozi inachubuka na vidonda vinatoka. Afande alidhani mguu wake wa bandia ni mbovu, au kwamba yeye ni dhaifu. Akautupa uvunguni. Hakuna aliyemwambia tangu mwanzo kwamba soketi ya kwanza hubadilishwa, na kwamba kurudi kwa fundi wa viungo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

La pili ni maumivu ya mguu usiopo. Vidole vya kushoto vilimuwaka moto usiku, vidole vilivyobaki Kongo. Mama yake, ambaye nyumba nzima inamwita bi mkubwa, alishalihitimisha jambo hilo: mguu haukuzikwa vizuri, au umezikwa na mtu. Maelezo ya kitabibu ni kwamba ubongo bado una nafasi ya ule mguu, na neva zilizokatwa zinaendelea kutuma taarifa. Watu wengi waliokatwa viungo hupatwa na hali hiyo. Ipo tiba rahisi iliyoanza kutumika miaka ya 1990: kioo kirefu kinawekwa katikati ya miguu, mgonjwa anauchezesha mguu mzima huku akitazama taswira yake mahali ulipokuwa ule mwingine. Si kila mtu inamsaidia. Mkewe alifungua kioo cha mlango wa kabati kwa bisibisi, wakaanza kujaribu kila baada ya magharibi, na moto wa vidole ukapungua kiasi cha kumwezesha kukaa na wageni. Bi mkubwa alikitazama kile kioo siku kadhaa bila kusema neno, kisha akaleta kanga ya kukifunika mchana.

Fedha iliyotangulia akili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za askari majeruhi zinapovunjikia, na ndipo sisi maofisa tunapoogopa kuuliza.

Afande alipata kiinua mgongo, na pensheni ya kila mwezi kutoka Hazina. Baadaye sana ikaja fidia ya Umoja wa Mataifa. Askari hadai fidia hiyo mwenyewe: nchi iliyotoa kikosi ndiyo inayowasilisha madai, na fedha hupitia serikalini kabla ya kumfikia mnufaika. Kwa kifo, kiwango kilipandishwa mwaka 2010 kikawa dola 70,000, na baadaye kikaongezwa. Kwa ulemavu hulipwa sehemu ya kiwango hicho, kwa kupima ni kiasi gani cha kiungo au uwezo kimepotea moja kwa moja. Mtaani haya hayajulikani. Kinachojulikana ni kwamba "Afande kalipwa na UN", na idadi ya sifuri inaongezeka kila habari inapopita kijiwe kimoja cha kahawa.

Fedha ilipoingia, alikuwa halali, havai mguu, na anakaa chumbani na dirisha lililozibwa kwa blanketi. Kikao cha familia kilikaa sebuleni: mdogo wake, baba mdogo, na shemeji mmoja wa Muheza. Mkewe alisikiliza nyuma ya pazia. Zikanunuliwa bodaboda mbili za kusimamiwa na mdogo mtu, nyumba ya bi mkubwa ikaezekwa upya, mahari ya mpwa ikakamilishwa, na kilichobaki kikawekwa benki. Afande aliitikia kila kitu. Nilipomuuliza baadaye aliwaza nini siku ile, alisema, "Nilitaka waondoke tu."

Sioni mwizi katika kikao kile. Mdogo mtu alikuwa na hoja: kaka hawezi kazi, tumtafutie kitu cha kumwingizia hesabu ya kila siku. Lakini pikipiki moja ilipata ajali barabara ya Pongwe, ya pili ikaanza kuleta hesabu pungufu, kisha haikuleta kabisa. Mke akawa hawezi kuuliza, kwa sababu hakuwamo kikaoni. Mume akawa hawezi kuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kumgombanisha bi mkubwa na wanawe. Vitumbua ndivyo vilivyoilisha nyumba, na bado mtaa uliamini wana mamilioni, kiasi kwamba wenzake mke katika kikoba walimshangaa anapochelewesha hisa.

Ushauri wangu kwa fedha za namna hii ni mkali kidogo, na ndugu hawaupendi. Fedha ya majeraha isiamuliwe na mtu ambaye bado hajalala. Iwekwe mahali isipotoka haraka, akaunti ya muda maalumu, hatifungani, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa UTT, chochote chenye mlango mzito, kwa miezi isiyopungua sita. Na kikao kikikaa, mke awemo ndani, akiwa ameketi na si nyuma ya pazia. Yeye ndiye anayejua usiku wa nyumba hiyo unagharimu kiasi gani.

Sitara

Kwa nini mambo haya yalikaa miaka miwili bila kufika kliniki ya akili? Hospitali ya mkoa ipo Bombo, si mbali kwa bajaji. Mkoa wetu una hata hospitali ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, Usambara, ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kukosa huduma hakukuwa sababu. Nyumba ilikuwa inamsitiri mtu wake.

Pwani tunasitiriana, nami nimekulia humo na siidharau desturi hiyo. Mtu akivuliwa, wenzake humfunika. Afande alipopiga kelele usiku, jirani walijifanya hawakusikia. Alipoacha kutoka, walisema anapumzika. Mke alipotokea na alama shingoni alijitanda ushungi hadi kidevuni, na hakuna mwanamke aliyemuuliza, kwa heshima. Binti alifundishwa kwamba habari za chumbani hazitoki mlangoni, na ndiyo maana mwalimu aliambulia jibu moja tu la zamu. Mfuniko ukawa mzito kiasi kwamba aliyeko chini yake hakuonekana tena.

Wenzetu wengine wangeanza kwa kuvunja hiyo sitara: kuita kikao, kutaja tatizo, kutoa semina ya afya ya akili mtaani. Hapa Tanga ukifanya hivyo mlango unafungwa na hutaitwa tena. Nilichofanya ni kuifuata. Niliingia kwa mlango wa uani, nikakaa jikoni na mke wakati wa kuloweka mchele, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtoto. Kuhusu mumewe sikuuliza lolote. Alizungumza mwenyewe, mgongo umenielekea, anasafisha nazi: "Dada wa ustawi, mimi si mgonjwa, mbona mikono inatetemeka hata akiwa kalala?"

Kuanzia hapo mteja wa kwanza wa kisa hiki akawa mke. Nadhani hilo ndilo lililobadilisha mambo kuliko lolote, nami ningelifanya tena katika nyumba nyingine. Mtu anayemuuguza aliyepatwa na kiwewe hukaa katika tahadhari ileile: anasikiliza pumzi, anahesabu hatua, anapanga maneno kabla hajasema. Baada ya muda mwili wake mwenyewe unaugua. Watoto nao huiga. Mdogo wa yule binti, mwenye miaka minne, alikuwa akijificha chini ya meza kila embe lilipodondoka juu ya bati, kwa kuwa alishamwona baba yake akifanya hivyo. Hajawahi kusikia bunduki.

Jambo la kwanza lilikuwa kumwondoa mtoto kwenye zamu. Kwa muda mke na mume walilala vitanda tofauti chumba kimoja, kwa kisingizio cha vidonda vya kigutu ambavyo kila mtu alivikubali bila maswali. Sitara ikatumika kwa faida. Ufagio ukaachwa. Mke alifundishwa kutomgusa kabisa, awashe taa, asimame miguuni pa kitanda, aseme jina lake na mahali alipo: "Uko Tanga. Uko nyumbani, Makorora. Mimi mkeo." Sauti ya kawaida, bila kupiga kelele. Kwa mtu anayeamka akiwa bado yuko vitani, jina la mahali lina nguvu. Binti akaanza kulala chumbani kwa bi mkubwa, ambaye aliambiwa tu kwamba mjukuu ana mitihani.

Kisomo na kliniki

Kabla yangu Afande alishasomewa. Alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, akapewa hirizi na mtu mwingine wa Duga ambaye sitamzungumzia. Bi mkubwa aliamini mwanawe amerudi na shetani wa porini Kongo, na dalili zilimpa haki: mtu anaongea na wasioonekana, anakataa nyama, anatazama kona.

Shekhe aliyemsomea ni imamu wa msikiti wa karibu, mtu mtulivu. Nilikwenda kwake kwa adabu, nikamweleza ninachokiona: jinamizi, kushtuka, kukwepa kila kinachomkumbusha, hasira ya ghafla, na yote yamepita mwezi kwa mbali. Madaktari wanaitambua hali hii kama ugonjwa, na jina lake la sasa, PTSD, yaani ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, liliingia vitabuni mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ingawa askari wamekuwa wakirudi nayo tangu zamani. Shekhe alinisikiliza akasema amekwisha kuona mambo hayo kwa mabaharia waliozamiwa na chombo. Hakuacha kisomo, nami sikumwomba aache. Alimwambia Afande mbele ya mama yake kwamba dua na dawa ni ndugu, aende hospitali. Neno hilo likitoka kwangu lisingefika popote.

Shekhe ndiye pia aliyegundua kwa nini Afande haendi msikitini. Sote tulidhani ni woga wa watu. Kumbe alikuwa na maswali ya ibada aliyoona aibu kuyauliza. Udhu atautia wapi, mguu haupo? Mguu wa bandia unavaa kiatu. Auvue mlangoni pamoja na viatu vya wenzake, aingie kwa magongo, au aingie nao? Atasujudu vipi? Shekhe alimjibu yote kwa muda mfupi: kiungo kilichoondoka, faradhi yake ya kuoshwa imeondoka nacho, mguu ukiwa msafi aingie nao kama anavyoingia mwenye mkongojo, asiyeweza kusujudu aketi kitini na ainame kadiri awezavyo. Kiti kikawekwa mwisho wa safu, karibu na ukuta, mgongo wake usiwe na mtu nyuma. Hilo la ukuta nililiomba mimi, maana mtu wa aina hii hawezi kukaa na mlango nyuma yake. Alianza na alfajiri, wakati watu ni wachache.

Kliniki ilikuta jambo lililofichwa hata kwangu. Alikuwa akinunua vidonge vya diazepamu kwenye duka la dawa, akiongeza kila vilipopungua nguvu. Vidonge hivi vinaleta usingizi, lakini kwa tatizo hili havishauriwi; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unasema visitolewe hata katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Vinamzoesha mtu na vinamzubaisha, na havigusi kilichomo ndani. Havikukatwa ghafla, maana kukata ghafla ni hatari. Vilipunguzwa taratibu huku akianzishiwa dawa ya kundi la zile zinazotibu sonona na mazungumzo ya kila wiki na muuguzi wa afya ya akili. Alikosa baadhi ya wiki. Siku nyingine alifika akakaa nje kwenye benchi, akarudi. Muuguzi alihesabu na siku hizo kuwa amehudhuria, na ninampongeza kwa hilo.

Mjomba wa Kagera

Lililofuata halikupangwa na mtaalamu yeyote. Bi mkubwa ana kaka yake Muheza, mkulima wa machungwa, mzee asiyesikia sikio moja. Familia ilijua "alikwenda vita vya Amini". Alikuwa mgambo, mmoja wa vijana wengi waliochukuliwa vijijini baada ya majeshi ya Uganda kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, akaenda hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliporudi alipewa ng'ombe na wazee wa kijiji, akarudi shambani. Hadithi yote ilikuwa hiyo, na haikuwahi kuongezwa neno.

Alikuja na gunia la machungwa kumjulia hali mpwawe. Mke alinisimulia. Afande alimwamkia, "Shikamoo mjomba," mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," akavuta kigoda, akakaa naye akitazama mlango, na wakamenya machungwa kwa muda mrefu bila maneno. Kisha mzee akasema, "Mimi mpaka leo sikai mgongo mlangoni. Shangazi yako alidhani namwonea wivu."

Waliongea mpaka adhuhuri. Sijui waliongea nini na sikuuliza. Ila baada ya hapo mzee alikuwa akishuka Tanga mara kwa mara kwa kisingizio cha sokoni. Afande alianza kuuvaa mguu siku za mjomba kuja, kisha siku nyingine. Akakubali kurudi Dar es Salaam kwa fundi kurekebishiwa soketi, mjomba akimsindikiza, na nauli ikatoka kwenye machungwa.

Wataalamu wanalo jina la msaada wa askari kwa askari na wanaupanga kwenye programu. Hapa kwetu upo majumbani, umenyamaza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki na ngao mnarani kwa ajili ya waliokufa. Umoja wa Mataifa nao una nishani yake kwa walinzi wa amani waliokufa kazini. Tanga yenyewe ina makaburi ya vita vya Novemba 1914 yanayofyekwa majani hadi leo. Wafu wana siku yao na mahali pao. Waliorudi nusu wako Muheza wanachuma machungwa, na ningependa ofisi za kata ziwe na orodha ya wazee wa Kagera walio tayari kumtembelea kijana mmoja mmoja. Haihitaji bajeti.

Gia ni mkono wa kushoto

Suala la kazi lililetwa na kijana dereva wa bajaji anayenunua vitumbua asubuhi. Alimwona Afande uani akiitazama ile bodaboda iliyorudishwa ikiwa imeharibika, akamwambia mke kwa mshangao: "Mama, hivi nani alimnunulia huyu bodaboda? Gia yake ni mguu wa kushoto. Bajaji gia na klachi viko mkono wa kushoto, breki mguu wa kulia. Huyu anaendesha hata leo."

Nyumba nzima, na mimi nikiwemo, tulikuwa tumemtazama dereva wa miaka mingi tukaona mtu asiye na mguu. Hakuna kwenye kile kikao aliyeuliza swali la fundi: mguu upi? Mguu wa kushoto chini ya goti unaacha kazi nyingi wazi, bajaji na gari la otomatiki zikiwamo. Fedha ilienda kununua chombo ambacho hawezi kukipanda.

Sikukimbilia kumwingiza barabarani. Mtu anayeshtuka kwa embe juu ya bati hawezi kubeba abiria barabara ya kwenda Raskazone pikipiki zikimpita pande zote. Muuguzi na mimi tuliweka masharti: diazepamu iwe imekwisha kabisa, usingizi wa saa tano mfululizo kwa wiki kadhaa, na mazoezi kwenye uwanja mtupu. Alikasirika. Aliniita kwa jina la cheo fulani cha jeshini ambacho nadhani si sifa. Lakini mtu aliyekuwa akiitikia kila kitu ili watu waondoke sasa alikuwa anabishana, na niliandika hilo kwenye jalada kama maendeleo.

Bajaji ilinunuliwa kwa fedha iliyobaki benki, ya mitumba, kwa uamuzi wa watu wawili: yeye na mkewe. Mdogo mtu aliarifiwa baadaye. Bi mkubwa hakufurahi. Kwake mwana aliyelitumikia taifa hapaswi kupigiwa mluzi na abiria. Bado hajaipanda.

Hali ilivyo

Afande anaendesha kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kabla ya adhuhuri, njia za ndani za Ngamiani na Chumbageni, hakai stendi kwenye kelele. Siku za Idi, watoto wanapowasha fataki, familia inahamia Muheza kwa mjomba, na limekuwa jambo la kawaida ambalo halihitaji maelezo. Jinamizi lipo, mara chache kwa mwezi. Mke amerudi kwenye kikoba na mikono haitetemeki, ingawa bado anaamka kabla ya saa ya vitumbua na kusikiliza. Binti alifeli hesabu muhula ule na amepanda muhula uliofuata. Mwalimu anasema sasa kosa lake ni kuongea darasani.

Soketi inakaribia kuhitaji kubadilishwa tena. Barua imeandikwa mapema safari hii, na nakala yake ipo kwa mke. Suala la bodaboda halijaisha. Mdogo mtu anasema hasara ni ya biashara, mke anasema hesabu zilifichwa, Afande anataka yaishe. Shekhe alikaa nao mara moja bila muafaka. Kikao kingine kimewekwa baada ya msimu wa machungwa, mjomba akiwa msimamizi, na safari hii mke ameshaambiwa atakaa sebuleni.